Fundi Aliyetaka Kuitwa

Hakuna simu iliyolia mara nyingi kanisani pale Migori kuliko ya Cephas Omanga, na hakuwahi hata siku moja kuizima. Ilipolia katikati ya mahubiri alikuwa akiinuka taratibu, akaitoa mfukoni, akapita kati ya viti akiwa ameshaiweka sikioni, mabega juu, ili kila mtu ajue kwamba kuna mahali mambo yameharibika na ni yeye anayetafutwa. Benta, mke wake, aliinamisha kichwa kwa aibu. Mchungaji alishazoea.

Cephas alikuwa kiongozi wa mafundi wa Upeo, kampuni ya simu iliyokuwa ikisimamisha minara katika kaunti za Migori na Homa Bay. Kwao ni Rangwe. Alianza kwa kuchimba mashimo ya misingi, akafundishwa kupanda, akapanda mpaka ikawa hakuna mnara kati ya ziwa na mpaka wa Tanzania ambao hakuufahamu. Hata hivyo, si kupanda kulikompa jina. Jina alilipata kutokana na uzembe wa watu wengine.

Vifaa vya Upeo viliagizwa na watu wa ofisini Kisumu, na wengi wao hawakuwahi kukanyaga mahali mnara ulipokuwa ukienda kusimama. Waliagiza kwa kukisia. Antena zilifika Homa Bay huku vyuma vya kuzishikia vikiwa bado Nairobi. Betri za Mbita zilishushwa Isebania, zikalala huko stoo mpaka mtu akazikumbuka. Mafundi walisafiri na lori zima la mali, wakafungua maboksi chini ya mnara, wakakuta kebo ni fupi. Hapo ndipo mmoja wao aliposema, "Mpigie Daktari."

Ndivyo walivyomwita, Daktari, na Waluo wenzake wakamwita Jathieth, ambalo ni neno lilelile kwa lugha ya nyumbani. Naye Daktari alikuja. Kule Sindo aliwahi kukuta antena hazina vishikizo, mafundi wamekaa kivulini wamekata tamaa.  Alikwenda kwa mchomeleaji wa jua kali, akanunua lango bovu la chuma, akasimamia likatwe na kukunjwa vile anavyotaka, na kabla jua halijazama watu wa Sindo walikuwa wakipigiana simu wakiwa wamesimama sokoni meza kwa meza, kwa furaha tu. Chifu alimchinjia kuku. Hadithi hiyo aliisimulia mara nyingi, na kila aliposimulia lile lango liliongezeka uzito.

Alilalamika sana juu ya watu wa Kisumu. "Hawa watu wanaagiza wakiwa wamefumba macho," alikuwa akisema. Lakini fujo ile ndiyo iliyomlisha heshima, na ndani kabisa, mahali ambapo mtu hapendi kuchungulia, alilijua hilo.

Damaris Mwikwabe aliingia kikosini mwake akitokea Ntimaru, upande wa Wakuria, msichana mrefu mwenye maneno machache. Mafundi wengine walicheka kuona mwanamke amevaa mkanda wa kamba. Cephas hakucheka. Alimfundisha kufunga fundo, kuonja upepo kabla ya kuupanda mnara, kukataa kupanda anapoona wingu jeusi hata kama bosi anapiga kelele. Mmoja alilelewa kwa Kidholuo na mwingine kwa Kikuria, kwa hiyo walizungumza Kiswahili, na katika Kiswahili hicho Damaris alimwita Mwalimu. Cephas alilipenda jina hilo pengine zaidi ya Daktari.

Damaris alipopata mimba, kampuni ilimwondoa kwenye kamba ikamkalisha ofisini Migori, apokee simu za mafundi na kupeleka mahitaji yao Kisumu. Wengine waliokalia kiti kile walipeleka maneno kama walivyoyapokea. Damaris alikuwa ameshaning'inia juu ya mnara akisubiri bolti ambayo haikuletwa, basi akaanza kuuliza maswali. Nani alikwenda kupima? Kama hakuna aliyekwenda, urefu wa kebo umetoka wapi? Kwa nini betri hizi zinapita Isebania? Alijifungua, akapumzika, akarudi na mtoto mgongoni mwa yaya, na maswali yakaendelea pale yalipoishia.

Kisha siku moja Mokaya, meneja wa kanda, akaja kutoka Kisumu. Aliwakusanya mafundi kwenye yadi ya Migori, akaagiza soda, akatangaza kwamba kuanzia sasa uagizaji wote wa vifaa na ufungaji wake, Migori na Homa Bay, utasimamiwa na mtu mmoja, na mtu huyo ni Damaris.

Watu walipiga makofi. Cephas naye alipiga. Ajabu ni kwamba kazi ile hakuwahi kuiomba. Hata kuiwaza hakuwahi. Kama angeulizwa asubuhi ile angesema kazi ya kukaa na kompyuta ni ya watu wenye miguu dhaifu. Lakini aliposikia imepewa mtu mwingine, na mtu huyo ni yule ambaye Cephas mwenyewe alimfunga mkanda kiunoni kwa mikono yake, akahisi kama ameporwa mchana kweupe.

Damaris alimfuata pembeni, soda mkononi. "Mwalimu, nitakuhitaji sana kwa hii kazi."

"Wewe uko na kompyuta," Cephas akasema huku anacheka. "Mimi niko na kamba tu."

Alicheka peke yake.

Mpango wa Damaris haukuwa na maajabu. Alikataza kitu chochote kuagizwa kabla mtu hajasimama mahali penyewe, akapima, akaona barabara na kama stima, yaani umeme, imefika, akatuma ripoti. Vifaa vya mnara mmoja vilisubiriana stoo ya Migori mpaka vikatimia vyote, ndipo vikaondoka pamoja. Na kabla lori halijawashwa, mafundi wenyewe walifungua maboksi hapo yadini wakahakikisha. Mwanzoni walinung'unika kwamba wanacheleweshwa. Kisha wakafunga mnara wa kwanza kwa utaratibu huo, na kama kwa makusudi, mnara huo ulikuwa Rangwe.

Cephas alikwenda kwao akiwa amejiandaa. Alibeba mfuko wake wa vyuma vya akiba, nyaya, koleo, kila kitu cha kuokolea. Lori likafika, maboksi yakashushwa, vijana wakapanda. Kila bolti iliingia tundu lake. Kebo ilifika pale ilipotakiwa ikabaki kidogo, kama nguo iliyoshonwa na fundi anayekujua. Saa za chakula cha mchana, kazi ilikuwa imeisha. Elvis, fundi mwenye mdomo mwepesi kuliko wote, alishuka akamkuta Cephas ameketi juu ya boksi tupu, mfuko wake haujafunguliwa.

"Daktari," akasema, "leo hakuna mgonjwa."

Kikosi kizima kikacheka. Cephas alitabasamu, lakini roho ilimchoma. Na kana kwamba haijatosha, muuza nguo mmoja wa soko la Rangwe, mtu aliyecheza naye wakiwa watoto, alikuja kuwapongeza akauliza, "Ni nani huyo mama aliyepanga hii kazi? Mwambieni ero kamano sana." Asante ikapita mbele ya uso wa Cephas, kwao, kwenye ardhi ya babake, ikaenda kwa mtu ambaye hakuwepo.

Tangu siku hiyo macho yake yakawa na kazi mpya. Aliona kwamba Damaris ameletewa kiti chenye magurudumu. Aliona kwamba mtu wa stoo, ambaye kwa miaka yote alimpa yeye chai kwenye kikombe cha bati, sasa anampelekea Damaris chai kwenye kikombe chenye kifuniko. Damaris akivaa viatu vipya, aliviona. Mokaya akimpigia Damaris simu na kucheka naye, Cephas alikuwa mlangoni akijifanya anatafuta spana. Simu yake mwenyewe ilizidi kunyamaza. Jumapili aliketi kanisani kuanzia wimbo wa kwanza hadi baraka za mwisho bila kuitwa na mtu, na mara mbili tatu aliitoa mfukoni kuangalia kama haijaisha chaji.

Nyumbani hakuwa na hadithi nyingine. Damaris amesema hivi. Damaris amekataza vile. Anafikiri yeye ni nani, Damaris. Benta alisikiliza wiki baada ya wiki huku akichambua dagaa wa omena, mpaka jioni moja akaweka ungo chini.

"Baba Liz, huyu Damaris ni nani kwako?"

"Ni mfanyakazi tu."

"Mfanyakazi tu, na unajua rangi ya viatu vyake?"

Cephas alijaribu kucheka, Benta hakuwa na mzaha. Walilala mgongo kwa mgongo. Asubuhi hakupata chai. Na siku ya tatu ya ukimya huo Benta alivaa gauni lake la harusi za watu, akakaanga samaki wawili wakubwa aina ya ngege, akawafunga kwenye bakuli, akaenda yadini kumwona huyo mwanamke kwa macho yake.

Alimkuta Damaris amekaa sakafuni kati ya maboksi, amevua viatu, miguu imevimba, anahesabu bolti huku akimnyonyesha mtoto. Damaris aliinuka haraka, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Wewe ndiye Mama Liz! Mwalimu hutuambia habari zako kila mara." Huo ulikuwa uongo, lakini uongo wa heshima, na Benta aliupokea vizuri. Wakaketi. Wakala wale ngege pamoja. Benta alirudi nyumbani jioni, uso umekunjuka kabisa, akamtazama mumewe akivua viatu mlangoni.

"Nilikosea," akasema. "Nilifikiri unampenda. Kumbe ni wivu tu unakusumbua."

"Wivu wa nini? Mwanamke aliyefundishwa na mimi?"

"Ndiyo huo."

Kuanzia hapo Benta na Damaris wakawa marafiki. Walipeana mbegu za mboga, wakapigiana simu. Cephas alisikia jina lile sasa jikoni mwake mwenyewe, na linatamkwa kwa mapenzi. Hakuwa na mahali pa kulikimbia.

Ndipo ikaja zamu ya Ntimaru.

Watu wa Ntimaru walikuwa wameahidiwa mnara kwa muda mrefu. Wengi wao walipanda kilimani ili kupata mtandao, na walioishi karibu na mpaka simu zao zilishika mtandao wa Tanzania, salio likaisha kabla ya salamu. Damaris alikuwa mtoto wa huko. Mama yake aliishi huko. Kila mtu alijua kwamba mnara huu ni wake kuliko mingine yote, na yeye mwenyewe aliuogopa kwa sababu hiyo. Alimwita Cephas ofisini.

"Mwalimu, sitaki mtu mwingine akague Ntimaru. Nataka jicho lako. Ukiniambia pako tayari, nitaagiza."

Cephas aliondoka na pikapu, akapita Kehancha, akafika kilimani alasiri yenye upepo mwanana. Alizunguka msingi, akaugonga kwa kisigino, akapima uzio. Kazi safi. Kisha akainua macho kutazama stima. Nguzo zilikuwa zimesimama, zinapanda kilima moja baada ya nyingine mpaka karibu na uzio. Lakini zilikuwa nguzo tupu. Waya haukuwa umevutwa. Alimuuliza mama mmoja aliyekuwa akipalilia mahindi jirani, naye akamwambia kwamba nguzo hizo zimesimama hivyohivyo tangu mvua za mwaka uliopita, na aliyezileta hajaonekana tena.

Jibu lilikuwa wazi. Angemwambia Damaris mahali hapa hapana stima, aagize sola na betri zake, mnara uchelewe kidogo kisha uwake. Alitoa simu kuandika hivyo. Ilibidi apande mwamba mdogo kutafuta mtandao, na alipokuwa amesimama hapo juu, kidole kikisubiri, wazo likamjia.

Aliiona siku ya kuwasha. Aliuona umati, chifu, Mokaya, Damaris na viatu vyake vipya. Mnara umesimama, kila kitu kimefungwa, na hakuna stima. Watu wanatazamana. Kisha mmoja anasema: mpigieni Daktari. Naye yuko palepale! Anajua kuna jenereta kubwa imelala stoo ya Isebania bila kazi, anaikimbilia, anarudi nayo, anaiunganisha, taa zinawaka, na watu wa Ntimaru wanamshangilia yeye, kwao Damaris, mbele ya mama yake Damaris.

Alijiambia kwamba nguzo zipo, waya unaweza kuja wakati wowote. Alijiambia kwamba si uongo hasa. Akaandika: Msingi mzuri. Stima ipo. Akatuma, akashuka mwambani, akarudi Migori huku anapiga mluzi.

Siku yenyewe ilikuja na jua kali. Watu walijaa kilimani tangu asubuhi, wanaume wamekaa kwenye nyasi, akina mama na miavuli. Mokaya alikuwepo. Mama yake Damaris, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito, alikuwa amepika ugali wa wimbi na nyama ya mbuzi kwa ajili ya kikosi kizima. Vifaa vilikuja vimetimia kama kawaida, na mafundi wakafunga bila kukosea. Kisha Elvis, aliyekuwa chini kuunganisha stima, akauliza kwa sauti kila mtu aisikie, "Waya uko wapi?"

Damaris alizitazama nguzo. Alizifuata kwa macho mpaka bondeni na kurudi. Cephas alikuwa akimwangalia kwa pembeni, na aliona hasa pale alipoelewa, kwa sababu hakushtuka. Aligeuka tu, akamtazama yeye.

"Nani alikagua hapa?" Mokaya akauliza.

"Ni kazi yangu kuhakikisha, bosi," Damaris akasema kabla mtu mwingine hajafungua mdomo. "Nilipokea ripoti nikaagiza bila kuuliza mara ya pili. Kosa ni langu."

Cephas hakulitarajia hilo, na badala ya kumlainisha likamuudhi. Hata katika kuanguka alimshinda. Akapiga hatua mbele, akasema kwa sauti ya zamani, sauti ya Sindo, "Bosi, kuna jenereta Isebania. Nipe pikapu. Leo hawa watu watapiga simu."

Umati ulipolielewa neno hilo ulipiga vigelegele. Aliendesha akiwa na furaha moyoni kama mtu aliyerudishiwa shamba lake.

Stoo ya Isebania ilikuwa imefagiliwa. Alisimama mlangoni akatazama sakafu ya saruji, safi, tupu. Mlinzi alimweleza kwa fahari kwamba siku hizi hakuna kinacholala hapa. Jenereta ilipelekwa Mbita, ilikokuwa ikihitajika tangu zamani. "Madam Damaris alipanga," akasema. "Alisema mali isikae bure."

Cephas aliketi kwenye ngazi ya stoo, malori yakimpita kuelekea mpakani, wabadilishaji pesa wakimwita mkubwa, mkubwa. Marundo yale ya vitu vilivyosahaulika, ambayo kwa miaka mingi yalikuwa duka lake la miujiza, yalikuwa yamekwisha, na aliyeyamaliza hakuhitaji hata kuwa pale kumshinda.

Alirudi Ntimaru mikono mitupu. Watu wengi walikuwa wameshaondoka. Mama yake Damaris alikuwa amemwekea chakula, sahani iliyofunikwa na sahani nyingine, nyama nyingi kuliko za wenzake.

"Kula, mwanangu," akamwambia. "Wewe ndiye uliyemfundisha huyu kupanda. Hilo busta la simu litawaka tu."

Alikula. Kila tonge lilipita kwa shida.

Mokaya hakuchukulia jambo lile kwa wepesi. Alimpa Damaris onyo, akamwondolea upande wa Homa Bay, akampa kijana mmoja wa Kisumu ausimamie. Habari ilipofika yadini, Cephas alifurahi. Tusimpambe. Alifurahi kweli, akaenda nyumbani akaomba kuongezewa ugali. Furaha hiyo ilidumu mpaka Benta alipopokea simu ya Damaris, akasikiliza kwa muda mrefu akisema pole, pole mama, kisha akaja kusimama mbele ya meza.

"Anasema kosa ni lake," akasema. "Lakini sauti yake si ya mtu mwenye kosa. Wewe ndiye uliyekwenda kukagua Ntimaru, Baba Liz. Mimi nakumbuka. Ulirudi unapiga mluzi."

 Benta akachukua sahani yenye ugali nusu akaondoka nayo.

Kesho yake Damaris alimkuta Cephas yadini anakunja kamba. Hakukaa.

"Ulizitazama zile nguzo?"

"Nilizitazama."

"Uliona hazina waya?"

Angeweza kudanganya. Hakuwa na nguvu. "Niliona."

Damaris alipumua kwa nguvu, kama aliyekuwa na tumaini dogo kwamba jibu lingekuwa tofauti. "Nilikukosea nini?"

"Hukunikosea." Cephas aliikunja kamba, akaikunjua. "Zamani walikuwa wananiita. Kila mahali, ni Daktari, ni Daktari. Sasa hakuna anayeniita."

"Mimi nilikuita," Damaris akasema. "Nilikuita kabla mambo hayajaharibika. Kwako hiyo si kuitwa? Mpaka kwanza mama yangu akae juani siku nzima?"

Cephas aliiweka kamba chini.

"Sitamwambia Mokaya. Nikimwambia, itaonekana ni ugomvi wa mafundi, na mpango wote watautupa. Wewe ukitaka kumwambia, mwambie. Lakini sitakutuma kukagua mahali tena, Omanga."

Alikuwa hajawahi kumwita kwa jina hilo. Aliondoka, na Cephas akabaki amesimama akitazama kile kiti cha magurudumu kupitia dirishani. Kilikuwa kiti cha kawaida tu, kitambaa kimechanika pembeni.

Ilimchukua muda kumpigia Mokaya. Alijaribu mara kadhaa akakata kabla haijaita. Mwishowe alipiga akiwa nyuma ya stoo, akasema yote kwa pumzi moja: nguzo, mwamba, ujumbe, jenereta.  Mokaya akauliza swali moja tu: "Kwa nini?" Cephas akasema, "Ni wivu, bosi." Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kutoka kinywani mwake, na lilitoka dogo kuliko alivyotarajia.

Aliondolewa uongozi, na yadini ikasemwa tu kwamba alikagua vibaya. Kikosi kikapewa Elvis. Homa Bay ikarudishwa kwa Damaris, na yule kijana wa Kisumu, aliyekuwa ameshaanza kuchanganyikiwa, alishukuru. Cephas aliachiwa kamba yake na kazi yake ya kupanda, fundi kati ya mafundi, na wapo waliosema amebahatika. Sola za Ntimaru zilipofika alikuwa miongoni mwa waliopanda kuzifunga. Mtandao ulipowaka, alisikia kelele kutoka chini na kuona watu wakimkumbatia Damaris, wakimwinua mama yake mikono, simu zikilia kila upande. Alikuwa juu, hakuna aliyeinua kichwa. Wivu ulikuwa naye bado. Aliuacha hapo, akamaliza kukaza bolti aliyokuwa akiikaza, akashuka.

Mwaka uliofuata Damaris alipandishwa cheo, akahamishiwa Kisumu, akaufundishe mpango wake kanda nzima. Yadi ya Migori ilimfanyia sherehe ndogo. Benta alileta sufuria mbili za samaki. Watu walizungumza mmoja mmoja, wakamsifu, na Elvis, kwa utundu wake, akasema na Omanga naye aseme neno.

Cephas alisimama akiwa ameshika chupa ya soda. 

"Mimi huyu mama nimemwonea wivu tangu siku alipopewa ile kazi," akasema. "Hata sasa anapoenda Kisumu, namwonea wivu."

Watu walivunjika mbavu. Walifikiri ni mzaha, mzaha bora kuliko mingine yote aliyowahi kuifanya. Mtu wa stoo alipiga meza mpaka vikombe vikaruka. Damaris hakucheka. Alimtazama, akaitikia taratibu kwa kichwa, kisha akamgeukia mtoto wake aliyekuwa akivuta kitambaa cha meza.

Walirudi nyumbani kwa miguu, Benta na Cephas, kila mmoja amebeba sufuria tupu. Walipovuka daraja la mto Migori, Benta akauliza, "Ulikuwa unasema kweli?"

"Kweli."

"Mpaka leo?"

"Mpaka leo, Mama Liz. Siku nyingine ni kidogo, siku nyingine ni nyingi."

Benta aliipachika sufuria yake kwapani. "Jumamosi nataka kwenda kumsaidia kupanga nyumba huko Kisumu," akasema. "Kuna kitanda cha kuunganisha. Utakuja?"

Cephas alihamisha sufuria kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Aliliwaza swali lile mpaka wakapita soko na kuanza kupanda kuelekea nyumbani.

"Nitakuja," akasema. "Lakini aseme mapema kitanda ni cha aina gani. Nisije nikabeba spana zisizofaa."

Benta alicheka, na safari hii Cephas mwenyewe hakuwa na hakika kama alikuwa akitania.